Mlango Uliotangulia Nyumba

Mtu mmoja alikuwa na kiwanja kitupu na mama mzee. Yeye aliitwa Vuai, na mama yake Bi Mize. Kiwanja aliachiwa na baba yake, pamoja na lundo la mawe, chokaa iliyokwisha kuchomwa, na boriti za kutosha dari ya nyumba moja. Sisemi kasri. Nyumba moja, ya watu kama mimi na nyinyi. Mama na mwana walikuwa wakikaa kwenye banda la makuti pembeni mwa kiwanja, na makuti yenyewe yalikuwa yamechoka hata ikabidi watandike turubai juu yake. Vuai alimpenda mama yake. Hilo nalisema mapema, msije mkamgeuza shetani. Alimwapia kwamba masika yajayo yatamkuta analala chini ya dari.

Katika mji ule, nyumba huanza na mlango. Msicheke, ndivyo walivyojenga tangu enzi za mababu zao. Mlango huchongwa, husimamishwa na fremu yake peke yake kiwanjani, kisha ndipo kuta huja kuushika huku na huku. Na milango yao ilikuwa ikisema. Samaki waliochongwa chini ya nguzo walikuwa dua ya kizazi. Mnyororo uliozunguka fremu ulikuwa dua ya usalama, baya lisiingie. Mtende ulikuwa neema ya chakula, kwa mwenye nyumba na kwa mgeni wake. Mpita njia hakuwa na haja ya kuuliza. Aliusoma mlango, akajua waliomo ndani wametakiwa kheri gani.

Basi Vuai akamwita Fundi Mcha, mchongaji aliyesifika mji mzima, wakakubaliana mlango wa kawaida, samaki na mnyororo, basi. Mlango ukachongwa, ukasimamishwa, na watu wakaja kuutazama. Mashallah, walisema, mashallah. Mmoja wao akauliza mbona hauna mtende. Aliuliza tu, kisha akaenda zake sokoni, lakini neno lile lilimkaa Vuai kifuani. Aliona kana kwamba mama yake ametabiriwa njaa. Kesho yake akampa Fundi Mcha sehemu ya boriti zake ziwe ujira, akachongewa mtende.

Baada ya mtende yalikuja mawimbi, maana mtu mwingine alisema riziki ya watu wa pwani haikosi maji. Mawe yakaenda. Kisha misumari mikubwa ya shaba ya kumtisha adui, na chokaa ikaenda. Fundi Mcha hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza kuta zitaanza lini, na Vuai akamjibu kwamba mlango lazima ukamilike kwanza. Fundi akabeba alichopewa. Vuai mwenyewe, masikini wa Mungu, wala hakujiona anapotea. Moyoni mwake kila ishara mpya ilikuwa kheri nyingine inayomwendea mama, na alilala usingizi mzuri kwa sababu hiyo.

Bi Mize hakulalamika. Asubuhi alikuwa akifagia mbele ya mlango, kisha anazunguka nyuma yake na mkongojo wake, anapiga mstari mchangani kuonyesha kitanda chake kitakaa wapi, na dirisha liwe upande gani apate upepo. Kuku wakipita wanaufuta mstari, na yeye anaupiga tena. Wageni nao walianza kuja kutoka mbali, watu wenye elimu ya sanaa za mataifa, wakapiga picha na kuuliza maana ya kila alama. Vuai aliwaeleza bila kukwama. Wakamshukuru, wakamshika mkono. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumba iko wapi, na Vuai hakuona ajabu.

Masika yakaja kwa pupa, mchana kweupe, mbingu imekuwa nyeusi kama sufuria. Vuai alikuwa amekaa kibarazani kwa jirani aliposikia matone ya kwanza, akaruka. Mbao mpya zikinywa maji huvimba, na nakshi ikivimba hupasuka. Alikimbia mpaka bandani, akapanda, akashika kamba ya turubai. Chini yake mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejifunika kanga, anakohoa. Vuai akamwambia ni kwa muda mfupi tu, mvua ikipungua atalirudisha. Bi Mize akainua uso, akamtazama mwanawe.

“Chukua, baba,” akasema. “Mimi sina nakshi.”

Neno lile lilimfika. Nawaambia lilimfika, roho ilimwuma, na mkono wake ukasita juu ya kamba. Hapo ndipo angeshuka akamkumbatia mama yake, na mlango ukaoza ukitaka kuoza. Lakini aligeuza shingo, akaona maji yanamwingia samaki machoni. Akafungua kamba. Akaufunika mlango vizuri, akalibana turubai kwa mawe machache yaliyobaki, na mvua haikupungua siku ile wala usiku wake.

Majirani ndio waliomkuta Bi Mize amelowa anatetemeka, wakambeba wakamweka kwao, wakamkanda na kumpa uji. Kifua kilikuwa kimeshashikwa. Vuai alikaa miguuni pake, hali, hanywi, anamwapia tena habari ya dari. Masika hayajaisha, Bi Mize akafariki dunia.

Mji ule una desturi kwamba maiti hutolewa kwa mlango wa mbele wa nyumba yake, ndiyo heshima yake ya mwisho. Kwa hiyo jeneza lilipitishwa kiwanjani kwanza. Vuai alitangulia. Aliufunua mlango, akafungua mbao zote mbili, jambo ambalo halijapata kufanywa, akasimama amezishika huku na huku ili mama apite katikati ya samaki na mtende. Wachukuzi wakaja vichwa chini, wanasoma dua. Njia fupi ya kwenda makaburini ilikuwa kando ya mlango, pale ambapo ukuta ungekuwapo kama ungejengwa. Wakapita hapo. Hawakukusudia kumtukana. Haikuwajia akilini kwamba kile kitu ni mahali pa kupitia watu. Vuai aliliona jeneza likimpita ubavuni. Ndipo akaziachia zile mbao, mtu mzima na ndevu zake, akakaa chini kwenye tope akalia kwa sauti hata walioko nyuma ya msafara wakageuka.

Mlango ungali umesimama mpaka leo, na nakshi yake haina ufa. Wageni bado wanakuja, na wenye kujua wanaeleza kwamba alama zile ni za uzazi, usalama na neema. Hawasemi uongo. Ndiyo maana yake hasa.

Naona mmeanza kutikisa vichwa. Mnamsikitikia Vuai, wengine mnamlaani. Ngojeni kidogo. Nanyi mna milango, tena mizuri, mimi mwenyewe nimepita nikaisifu: alama mlizotundika ukutani, mlizovaa shingoni, mlizoandika kwa rangi ya dhahabu juu ya vizingiti vyenu. Tukiinuka sasa hivi sote, tukazunguka nyuma ya mlango wa kila mmoja wenu, tutamkuta nani ananyeshewa?