Upepo wa Kusini

Wahenga walisema kawia ufike: afadhali uchelewe njiani kuliko kufanya pupa usifike kabisa. Duri, rubani wa helikopta ya uokoaji katika milima ya Engadini, aliijua methali hiyo kichwani tu. Moyo wake uliijua mchana mmoja wa mwezi wa Machi.

Alikuwa ndiyo kwanza anachovya kijiko katika supu ya shayiri, Seraina, mpokea simu wa kituo, akaita, "Mtu kavunjika mguu, yuko ukingoni mwa mwamba wa mashariki. Upepo wa kusini, mkali."

Jina hakulitaja. Ndiyo desturi yao: rubani haambiwi aliyeumia ni nani, ili apime upepo, asipime huruma. Tena, katika watatu wanaoruka, yaani rubani, daktari na mshusha waya wa kuinulia majeruhi, mmoja akikataa, hakuna anayeondoka.

Daktari alikubali. Duri alikwisha kuvaa kofia ngumu. Lakini Curdin, mshusha waya, alitazama theluji ikipeperuka kileleni kama unga katika ungo.

"Mimi siendi. Bado."

"Makubwa!" Duri akafoka. "Mzee mzima unaogopa upepo? Kakae na bibi yako mfume soksi!"

"Nitafuma, kaka, na wewe utazivaa. Maiti havai soksi."

Duri akafura kama andazi. Supu ikapoa. Seraina alikuwa ameugeukia ukuta, midomo kaibana. Mara upepo ukavuma kwa kishindo, ukaing'oa bendera ya kituo pamoja na mlingoti wake, ukaitupa ng'ambo ya mto.

Jua lilipoinama, misonobari ikatulia. Curdin akafunga mkanda.

"Sasa twende."

Mlimani, Duri aliishika helikopta hewani kama mama aliyebeba mtoto aliyelala. Waya ukashuka, ukapanda. Mlangoni ikachomoza kofia nyekundu ya sufu yenye kishungi, aliyoifuma mamake Duri mwenyewe. Chini yake, uso wa Madlaina, bintiye wa pekee! Duri akaikaza mikono kwenye usukani, helikopta isiyumbe.

Walipotua hospitalini, binti akanong'ona, "Baba, umechelewa."

"Nimechelewa, mwanangu. Lakini nimefika."

Kituoni alimwendea Seraina. "Ulijua?"

"Nilijua, na ulimi uliniwasha. Ningekwambia, ungeruka na upepo ule ule."

Duri akalitazama shimo la mlingoti. Kisha akaketi kando ya Curdin, akavua kiatu, akamnyooshea mguu.

"Nipime, kaka. Soksi zangu ziwe za bluu."

Wakacheka mpaka machozi, supu ikapashwa moto upya, na kila aliyeinywa alikiri kwamba wahenga hawakukosea: kawia ufike.