Halua ya Babu wa Mfalme

Hapo zamani, mji wa Shungwi ulipokuwa na mfalme wake, aliishi fukara mmoja akiitwa Ngwali. Alikuwa akimchanjia kuni Bi Msimu, mpika halua, na ujira wake ulikuwa ukoko wa sufuria. Akishaukwangua, analala ameshiba.

Basi siku moja mfalme, Mwinyi Shatri, alikula halua ikamkolea, akaona haipendezi kitu kitamu namna ile kiwe kimeanzia jikoni kwa watu wa chini. Akamtuma mpiga mbiu atangaze kwamba halua ilibuniwa na babu yake mfalme, peke yake, kwa mkono wake, akiwa anangoja kahawa ichemke. Na kwa kuwa ni mali ya ukoo, mtu mwingine asiipike. Askari wakaenda wakaichukua sufuria ya Bi Msimu.

Ngwali akaona chakula chake kinapanda ngazi za jumba la mfalme, naye akakifuata.

"Wataka nini?" mfalme akamuuliza.

"Bwana wangu, watu wa mji huu hawana adabu. Wanasema babu yako hakuipika."

"Nani asemaye hivyo?"

"Wote, ila mimi. Nami hawanisadiki, maana ni mjinga. Lakini damu ya babu yako si imo mwilini mwako? Songa halua mbele yao, kahawa ikiwa jikoni, nao watanyamaza."

Mfalme akapendezwa. Moto ukawashwa uani, watu wakakusanyika, Bi Msimu akaitwa apime sukari, wanga na samli, naye mfalme akakunja mikono ya kanzu akashika mwiko. Ikawa kahawa ikachemka, ikanywewa, ikachemshwa nyingine, na halua ingali uji. Kisha wanga ukaanza kushikana, mwiko ukawa mzito, na jasho likamtiririka mfalme mpaka ndevuni.

"Bi Msimu, haijaiva?"

"Bado, bwana wangu. Nawe ukiacha kuisonga, itaungua."

Mfalme akamwita askari ampokee. Ngwali akainama mbele yake.

"La, bwana wangu. Babu yako alikuwa peke yake, na mbiu imekwisha kupigwa. Huyu akigusa mwiko, watu watasema mfalme amesema uongo. Na ikiungua, watasema ndivyo alivyopika babu."

Mfalme akasonga tena kidogo, kisha akamwambia mpiga mbiu, "Tangaza kwamba babu yangu alikuwa na msaidizi."

Mbiu ikapigwa, askari akapokea mwiko. Punde naye akawa anahema.

"Msaidizi mmoja tu, bwana wangu?" Ngwali akauliza kwa upole.

"Tangaza walikuwa wengi."

Wakapokezana, lakini hakuna aliyejua kusonga, hata harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"Tangaza," mfalme akasema, "kwamba palikuwa na bibi mmoja jirani."

Bi Msimu akaushika mwiko akaanza kuisonga.

"Na bibi alipoushika," Ngwali akauliza, "babu yako alifanya nini? Watu wanangoja."

Mfalme akayatazama malengelenge ya viganja vyake, akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Tangaza kwamba aliila."

Sufuria ikarudi kwa mwenyewe siku ileile. Na watu wa Shungwi ni watu wa heshima. Ukiwauliza halua ilianza na nani, watamtaja babu wa mfalme, mlaji wa kwanza. Aliyenisimulia alikomea hapo, nami sina la kuongeza.