Njuga za Chemchemini

Masikio mnayo?
— Tunayo!
Mtaniazima?
— Twaa!

Basi, alikuwepo Pimbi, mjane, akikaa peke yake kwenye jabali la mwisho. Chemchemi ilikuwa mbali, na maji yake yalipanda mara mojamoja tu. Wanyama wakatandaza kamba kutoka chemchemini, ikapita kwa Fisi, kwa Nungunungu, kwa Digidigi, ikaishia kwa Pimbi. Kila mlango ukatundikwa njuga. Maji yakipanda, kibuyu kilichofungwa mwisho wa kamba kule chemchemini huelea, kamba huvutika, njuga zote hulia: cheng'e, cheng'e! Wote huenda kunywa. Kwa Pimbi, hiyo ndiyo siku pekee ya kusalimiwa.

Kisha njuga ikanyamaza. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya saba Pimbi akawa anajisalimia mwenyewe: "Hujambo, Pimbi?" "Sijambo."

"Labda njuga yangu imekufa." Akaitikisa: cheng'e! Nzima.

Akaifuata kamba hadi kwa Digidigi, koo limekauka.

"Dada, yako inalia?"

"Hailii, ndugu yangu."

Akaivuta: cheng'e! Nzima. Kwa Nungunungu: cheng'e! Nzima. Kwa Fisi, lo! Kamba imefungwa kwenye kisiki, mbele kidogo ya njuga yake. Habari ya maji inafika kwa Fisi, inakomea hapo. Na Fisi mwenyewe kajilaza, tumbo ndi!

"Bwana Fisi, ifungue kamba."

"Ifungue wewe, tukuone!" Fisi akatoa meno.

Pimbi akaenda zake, akajificha kichakani, kati ya Fisi na chemchemi. Akavuta. Cheng'e! Fisi mbio, kutu-kutu-kutu! Kukavu. Akarudi. Cheng'e! Kutu-kutu-kutu! Kukavu. Cheng'e! Kutu... kutu... Jua la mchana likamchoma, ulimi ukaning'inia.

"Kamba gani hii, ya uongo! Ikawasumbue wengine!" Akaing'oa kisikini kwa meno yake, njuga yake akaitupa porini.

Kesho yake maji yakapanda. Cheng'e kwa Nungunungu, cheng'e kwa Digidigi, cheng'e jabalini. Fisi hakusikia kitu.

Wakanywa. Pimbi alikuwa na mengi ya kusimulia, ila hakuna aliyeuliza njuga zimeponaje. Nungunungu akajifuta mdomo, akaondoka. Digidigi alikuwa na haraka ya watoto.

"Uje kwetu siku moja, ndugu yangu."

"Lini, dada?"

Lakini Digidigi alikwisha kuingia vichakani.

Hadithi yangu imelala, mwenye nguvu aiamshe. Funzo lake? Wanangu, msidanganye: mdanganyifu hapati hata tone. Na njuga ikinyamaza, kaeni nyumbani mngoje.