Kwa Nini Njia ya Kwemvule Inapinda Mara Saba

Kaeni kidogo, wageni wangu. Tangu getini nawasikia mkiinung'unikia njia hii ya msitu wa Kwemvule kwamba inapindapinda. Zamani ilikuwa imenyooka, na nusura ituue.

Aliyeinyoosha ni Shekiondo, bingwa wa panga. Wahenga waliposema mwenda pole hajikwai, yeye siku hiyo hakuwepo. Alitaka kufika upesi kwenye chemchemi ya bondeni, basi kila mti uliosimama mbele yake akaukata. Watu wakamshangilia, na mababu zangu wamo, sitawaficha. Masika yalipokuja, maji ya mvua hayakukuta kizuizi. Yakateremka na udongo wote, yakaizika chemchemi.

Kiangazi kikaingia, mitungi ikakauka. Wanaume walishinda bondeni wakifyeka huku na huko, wasipate hata tone.

Hoza, mke wa Shekiondo, alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue. Maziwa yakaanza kumkauka, na mtoto akalia mpaka sauti ikamwisha. Hoza akambeba mgongoni, akachukua kibuyu, akaelekea msituni mikono mitupu, kwani kwa desturi yetu mzazi hashiki panga mpaka atimize siku arobaini.

"Hoza, utapitaje bila panga?" Shekiondo alimwita, akimfuata nyuma.

"Nitazunguka."

Na kweli akazunguka. Kila alipokuta mti mkubwa aliupita kando, huku akitafuta kwa nyayo zake udongo wenye ubaridi. Alipinda mara saba. Chini ya mkuyu akahisi unyevu, akafukua kwa vidole, maji yakachuruzika. Kibuyu cha kwanza hakukinywa. Alikimimina kwenye mizizi, machozi yakimtoka, akasema, "Asante kwa kututunzia." Ndipo akanywa, na baadaye mtoto akanyonya. Shekiondo aliliweka panga chini, akaenda kupanda miti upya kwenye njia yake.

Na tangu siku hiyo tunashuka kwa nyayo za Hoza, na afikaye kwenye mkuyu huwa haanzi kunywa kabla ya kuumwagia. Mtoto yule wa mgongoni ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu. Kila asubuhi nikipita hapa nashukuru, maana bila mipindo hii nisingezaliwa.

Haya, mkuyu wenyewe ndio huu mlioegemea. Fungueni chupa zenu. Na wewe mwenye kofia, uliyeniuliza kama hakuna njia ya mkato, anza wewe.