Guno la Mzee Kombo

"Sikio lisipotangulia, mkono hupotea." Semeni "lisipotangulia", wajukuu zangu, si "isipotangulia", kwani neno likiharibika, na maana huharibika. Methali hii ilianza hivi.

Ilikuwa mwaka 1957, majira ya masika, mjini Pangani. Sudi bin Mkadamu alikuwa amerejea kutoka Dar es Salaam, alikosomea fidla kwa nota muda wa miaka miwili. Dada yake, Mwanasiti, alikuwa akiolewa, na kikundi cha taarabu cha mtaani kilimkubalia Sudi apige siku hiyo. Akifaa, angepewa kiti cha kudumu.

Katika kikundi kile hapakuwa na mtu aliyejua kusoma nota. Nyimbo zote walizipata kwa kusikiliza. Kiongozi wao, Mzee Kombo, alikuwa mpiga udi ambaye vidole vyake vilikwisha kukakamaa, hata akawa anagusa nyuzi chache tu. Kabla ya kila wimbo aliguna mara moja, "Mmh," kisha wenziwe wakaanza. Sudi alivitazama vidole vile vikijikwaa, akajiona amewapita wazee wale kwa mbali.

Alasiri ya harusi ua ulijaa wanawake. Mwimbaji, Bi Mtumwa, alikuwa amepatwa na mafua, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mzee Kombo akaguna.

"Mzee wangu," Sudi akasema kwa sauti, "kikohozi hicho kinataka tangawizi, hakitaki udi!"

Vijana waliokuwa mlangoni walicheka. Wapigaji hawakucheka. Mzee Kombo aliinama, akaanza kupiga, na Sudi akaikazia macho karatasi yake ya nota, akavuta upinde kwa nguvu zake zote.

Alipiga sawasawa na ilivyoandikwa. Lakini fidla yake ilikuwa juu na wenziwe wote walikuwa chini. Wimbo ukapasuka kama kanga kuukuu. Bi Mtumwa akanyamaza.

"Jamani, huyu anapiga harusi ya jirani!" mwanamke mmoja akasema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Sudi alimtazama dada yake. Mwanasiti alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na Sudi alijua fika kwamba ile haikuwa haya ya bibi harusi.

"Karatasi yangu haina kosa," alinong'ona.

"Haina," akajibu Bi Zuhura, mpiga ngoma ya dumbaki, aliyeketi kando yake. "Wala haina mafua. Mzee alipoguna alikuwa anatuonyesha sauti ya Bi Mtumwa ilipo leo. Sisi tumelisikia guno, wewe umelifanyia mzaha."

Masikio ya Sudi yaliwaka moto.

Mzee Kombo hakumkemea, na hilo lilimuuma zaidi. "Ilaze fidla mapajani, mwanangu," alisema. "Sikiliza beti mbili. Sikio lisipotangulia, mkono hupotea."

Sudi akasikiliza bila kuthubutu kuinua macho. Ubeti wa tatu aliufuata kwa uzi mmoja, polepole, nyuma ya wenziwe. Hakuna aliyemsifu, wala hakuna aliyetaja habari za kiti.

Siku ya saba wanawake wale wale walikusanyika tena uani kumaliza fungate, na wapigaji wakaja. Sudi aliingia mikono mitupu, bila fidla yake, akapiga magoti mbele ya Mzee Kombo.

"Mzee wangu, nilikuvunjia heshima mbele ya watu hawa. Deni la hadharani halilipwi uchochoroni. Guno lako sikulijua, nami sikuuliza. Niwie radhi."

Mzee akainama kumtazama, akauliza:

"Nilikuambia nini siku ile?"

Sudi alipaza sauti hata wa mlangoni wakasikia: "Sikio lisipotangulia, mkono hupotea."

"Basi umelipa," akasema Mzee Kombo.