Harusi Chini ya Migomba

Kaeni vizuri, wenzangu. Kisa ni changu, hukumu ni yenu.

Huko Usangi waliishi ndugu watatu. Mbonea alijua kutunga hadithi. Dada yake, Nakiete, alijua kamera. Mdogo wao, Kisaka, alikuwa fundi wa muziki. Wakatengeneza filamu ya mapenzi.

Mbonea alitunga habari za msichana anayemtafuta dada yake aliyepotea, akisaidiwa na kijana mpole. Wanatafuta, wanapendana. Mwishoni msichana anagundua kuwa kijana yule ndiye aliyemuua dada yake, akamzika chini ya migomba. Na bado anaolewa naye! Siku ya harusi bwana anamenya ndizi za migomba ileile, anamlisha bibi harusi.

Nakiete alilipiga picha tukio hilo kwa karibu, kwa mwanga mzuri mno. Ulitaka kufumba macho, macho yakakataa.

Naye Kisaka hakuweka muziki wa huzuni. Aliweka ngoma ya harusi, tamu hasa, watu wakajikuta wanatikisa miguu, kisha wakajionea aibu.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa kijiji, mama mmoja alitema mate sakafuni. "Uchafu gani huu!" Mwingine alijifunika kitenge usoni. Hakuna aliyesema imetengenezwa vibaya, na hilo ndilo lililowaudhi zaidi.

Namkunda, binti wa Mzee Mrutu, alikuwa ameketi na mchumba wake, Elinaza. Bibi harusi alipolishwa ndizi, alimgeukia mwenzake. Elinaza alikuwa anacheka, anajipiga paja.

"Kamweza," alisema. "Mwanamke mwenye maneno mengi hutulizwa hivyo."

"Umesema nini?"

"Nasema filamu nzuri."

Kesho yake Namkunda alivunja uchumba. Ndugu zake wakamjia juu: "Unaacha mume kwa sababu ya sinema?" Baba yake hakusema naye wiki nzima.

Kisha habari zikamfikia mke wa kwanza wa Elinaza, yule ambaye Elinaza alidai alitoroka na mfanyabiashara. Akaja mwenyewe kwa Mzee Mrutu, akaonyesha mkono uliounga vibaya. "Aliuvunja kwa mchi," alisema. "Mara ya pili alinikaba. Nilikimbia kuokoa roho, baba. Mwache binti yako hapahapa."

Mzee Mrutu akaenda kwa wale ndugu watatu akivuta mtamba wake wa pekee, ng'ombe ambaye hajazaa bado.

"Filamu yenu ni takataka," alisema. "Mpaka leo ndizi hazinipiti kooni. Lakini imeniokolea mwanangu. Nani kati yenu nimpe?"

"Mimi niliyetunga," alisema Mbonea. "Bila uovu ule, Elinaza angechekea nini?"

"Bila picha zangu watu wangeondoka mapema," alisema Nakiete, "na yeye angeondoka nao."

"Ngoma yangu ndiyo iliyomfanya ajisahau," alisema Kisaka. "Kwenye muziki wa msiba angejifanya analia."

Namkunda, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, akasema: "Ukumbi mzima ulitazama, baba. Niliyesikia na kukataa ni mimi. Nanyi mlininunia."

Mzee akabaki ameshika kamba, hajui ampe nani.

Haya, ninyi mliotega masikio: mtamba yule mngempa nani, na kwa nini?