Nyoka wa Mzee Mbaruku

Ya Chausiku mmeisikia? Alikuwa analisha farasi wa Mzee Mbaruku, tajiri aliyependa farasi kuliko wakwe zake. Asubuhi moja mzee akamfungulia banda limejaa nyasi kavu.

"Zikung'ute zote vumbi litoke, farasi wangu wanakohoa. Adhuhuri ikikuta bado, kazi huna."

"Sawa, mzee. Ila humo nimeona kitu cheusi, kirefu, kimejikunja."

"Nyoka? Aniulie farasi?"

Mzee akashika fimbo, akaita wanawe wote. Wakakung'uta nyasi fungu kwa fungu, jasho linawatiririka. Chausiku kakaa kivulini, anakunywa uji.

Adhuhuri haijafika, nyasi safi zote.

"We Chausiku, nyoka yuko wapi?"

Akaokota kamba nyeusi ya kufungia nyasi. "Kitu chenyewe hiki, mzee. Nyoka umemtaja wewe."